Utando Usioonekana: Historia ya Oksidi za Metali na Vipimo Vyake

Mhunzi anayetengeneza patasi hana kipimajoto. Akishakichovya chuma cha moto ndani ya maji, chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo hukisugua mpaka king'ae, akakirudisha taratibu kwenye joto la makaa na kukikodolea macho. Rangi huanza kutembea kutoka shingoni kuelekea kwenye makali. Inatangulia njano iliyopauka, karibu na nyuzi 220 za Selsiasi. Hufuata kahawia, kisha zambarau karibu na nyuzi 280, na mwisho buluu iliyokolea karibu na nyuzi 300. Patasi ya seremala huzimwa majini njano inapofika ukingoni. Springi husubiri buluu. Anayezubaa kwa sekunde chache hupata chombo kilicholegea, na kazi huanza upya.

Rangi hiyo hakuna aliyeipaka. Chuma kimevuta oksijeni ya hewani na juu yake umeota utando wa oksidi. Sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, sehemu nyingine hupenya na kurudi kutoka chini yake, na mawimbi hayo mawili yanapokutana, rangi nyingine huongezeka nguvu na nyingine hufutana. Utando ukinenepa kidogo tu, rangi inayofutika hubadilika, na jicho huona rangi mpya. Tunazungumzia unene wa makumi ya nanomita, ilhali unywele mmoja wa binadamu una nanomita zipatazo 80,000. Kwa maneno mengine, wahunzi walikuwa wakipima unene wa tabaka lisiloshikika kwa mikono karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua kwamba tabaka hilo lipo.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha historia nzima ya tando hizi. Zimetuzunguka siku zote, juu ya sufuria, juu ya shaba, juu ya kioo. Ila hakuna hata moja iliyogeuka kuwa kitu cha kutegemewa kabla ya kupatikana njia ya kuipima. Vitabu husifu zaidi waliotengeneza. Mimi nadhani waliopima wanastahili nusu ya sifa hizo, pengine zaidi.

Robert Hooke wa Uingereza aliliingiza suala hili katika sayansi mwaka 1665, ndani ya kitabu chake Micrographia. Alichunguza rangi za ulanga uliochanwa vipande vyembamba, za mapovu ya sabuni na za chuma kilichopashwa moto, akasema chanzo ni kimoja: tabaka jembamba lenye nyuso mbili. Isaac Newton akaja na vipimo. Aliweka lenzi yenye mbinuko mdogo juu ya kioo bapa, akapima pete za rangi zilizojitokeza, na katika kitabu chake cha Opticks cha mwaka 1704 akaonyesha unene wa hewa unaolingana na kila rangi. Hakuwa na maelezo sahihi ya sababu. Hayo yalisubiri hadi Thomas Young alipoeleza, mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi yanayoweza kuongezana na kufutana. Lakini hesabu za Newton zilifanya kazi bila kusubiri maelezo, na kuanzia hapo rangi ikawa rula.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kwa nini oksidi ya alumini huikinga alumini, ilhali kutu huila chuma mpaka kiishe? Mwaka 1836 mwanakemia Christian Schönbein alimwandikia Michael Faraday kuhusu ajabu moja: chuma kinachoyeyuka ndani ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa maji hutulia tuli kikitumbukizwa katika asidi hiyohiyo ikiwa kali. Faraday alikisia kwamba chuma kimevaa utando wa oksidi mwembamba kiasi cha kutoonekana. Alikuwa sahihi, ila hakuwa na chombo cha kuthibitisha. Majibu yenye tarakimu yalikuja mwaka 1923, pale watafiti Pilling na Bedworth walipouliza swali rahisi: metali ikigeuka oksidi, nafasi inayohitajika inaongezeka au inapungua? Oksidi ya magnesiamu huchukua takriban asilimia 81 ya nafasi ya metali iliyoizaa, kwa hiyo haitoshi kufunika na hupasukapasuka. Oksidi ya alumini huchukua mara 1.28, ikabana na kufunika vizuri. Oksidi nyekundu ya chuma huhitaji zaidi ya mara mbili, hivyo hufura, hujikunja na kubanduka, ikiacha chuma kipya wazi mbele ya hewa na unyevu. Kanuni hiyo haielezi kila metali. Hata hivyo, aliyewahi kuona bati la paa la pwani likibambuka magamba ameona maana yake kwa macho.

Mwaka huohuo wa 1923, Waingereza wawili, Bengough na Stuart, waliamua kutosubiri hewa ifanye kazi yake. Ndege za kutua majini zilikuwa zikitengenezwa kwa duralumini, aloi ya alumini na shaba, na maji ya chumvi yalikuwa yakizila. Alumini ikiachwa hewani hujivika oksidi ya nanomita chache tu. Wao waliitundika metali ndani ya asidi ya kromiki, wakaiunganisha na upande chanya wa umeme, na kuongeza volti hatua kwa hatua. Oksijeni ya majini ikalazimika kuungana na alumini, na utando ukanenepa mara mamia kuliko ule wa asili. Miaka michache baadaye ikaja asidi ya salfuriki, iliyo rahisi na nafuu, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo. Fremu za paneli za sola na madirisha mengi ya alumini ya maghorofa hupitia bafu la namna hiyo, kwenye joto la nyuzi 20 hivi na umeme wa volti zisizofika 25.

Inafaa kuutazama utando huu kwa karibu, kwa sababu ubora na udhaifu wake vimo mahali pamoja. Oksidi inapokua, asidi nayo inaila kidogokidogo, na matokeo yake ni vishimo vyembamba vilivyosimama wima, mabilioni katika kila sentimita ya mraba. Mwaka 1953 Keller, Hunter na Robinson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Alcoa huko Marekani, walivionyesha kwa hadubini ya elektroni, vikiwa vimejipanga katika vyumba vya pembe sita. Vishimo hivyo ndivyo vinavyokubali rangi. Rangi za dhahabu, shaba na nyeusi unazoziona kwenye fremu za madirisha zimeingia humo. Lakini vikiachwa wazi, chumvi na uchafu navyo huingia. Ndiyo maana hatua ya mwisho ni kuuchemsha utando katika maji safi. Oksidi hufyonza maji, hufura, na midomo ya vishimo hufunga.

Imefunga kweli? Hapo ndipo mpimaji anapoingia, na kipimo chake ni chepesi hata fundi anaweza kukifanya mezani. Anadondosha tone la asidi juu ya utando kwa muda uliopangwa, analiosha, anaweka tone la rangi, kisha anasugua. Doa likibaki, vishimo viko wazi na kazi irudiwe. Unene nao hupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachoamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali: kadiri oksidi ilivyo nene, ndivyo kifaa kinavyokuwa mbali na metali na mkondo kuwa hafifu. Kisha kuna sanduku la ukungu wa chumvi. J. A. Capp alipendekeza wazo hilo mwaka 1914, na mwaka 1939 Marekani ikaliandika kuwa kiwango rasmi kinachojulikana kama ASTM B117. Leo kiwango hicho hutaka maji yenye chumvi asilimia 5, yakirushwa kama ukungu kwenye joto la nyuzi 35, saa baada ya saa. Kipimo hiki kimesifiwa kupita kiasi na wauzaji. Kinafaa kulinganisha mzigo wa leo na wa jana kutoka kiwanda kimoja. Hakisemi bidhaa itadumu miaka mingapi Mombasa au Tanga, kwa sababu sandukuni hakuna jua kali wala usiku mkavu wala vumbi.

Ugumu wa oksidi ya alumini, kwa upande mwingine, hauna ubishi. Ikijipanga katika fuwele ni korandamu, na ikichanganyika na kromiamu kidogo ni yakuti nyekundu, ileile inayochimbwa Longido. Utando wa bafuni haujajipanga hivyo, lakini bado unaishinda kwa mbali metali iliyo chini yake. Kuupima kunataka adabu. Ncha ya almasi ikizama mno, kinachopimwa ni alumini ya chini badala ya oksidi ya juu. Desturi ya maabara ni kutozama zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene, na kwa tando nyembamba sana hilo halikuwezekana kwa uhakika mpaka zilipopatikana mashine zinazosoma nguvu na kina kwa pamoja. Hesabu ya kuzitafsiri ilikamilishwa na watafiti Oliver na Pharr mwaka 1992.

Kwa sifa ya kupitisha umeme, nirudi nyuma, Jena, Ujerumani, mwaka 1907. Karl Baedeker, mjukuu wa mchapishaji maarufu wa vitabu vya wasafiri, aliweka kadmiamu nyembamba juu ya kioo kisha akaipasha moto hewani. Metali ikawa oksidi, kioo kikawa chenye kupitisha mwanga, na umeme ukaendelea kupita. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa, maana metali zinazopitisha umeme huzuia mwanga, na vioo vinavyopitisha mwanga huzuia umeme. Siri iko katika elektroni. Katika oksidi za namna hii, mwanga tunaouona hauna nishati ya kutosha kuzing'oa elektroni zilizofungwa, kwa hiyo unapita. Lakini upungufu kidogo wa oksijeni, au atomu ngeni zilizopenyezwa, huacha elektroni chache huru, nazo hubeba umeme. Baedeker hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliuawa vitani Liège, Ubelgiji, Agosti 1914.

Kadmiamu ni sumu, na matumizi yakaangukia oksidi ya bati (metali ya bati yenyewe, si mabati ya paa). Hii ni oksidi yenye historia ndefu: wafinyanzi wa Iraki wa karne ya 9 waliitia katika kioo cha kupaka vyombo ili ving'ae kwa weupe, na vigae vya vyombo vya aina hiyo vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipewa kazi nyingine. Kioo cha mbele cha ndege kilipashwa moto, kikapuliziwa kloridi ya bati, na utando ukabaki. Rubani aliona nje, na umeme uliopita kwenye utando uliyeyusha barafu. Baada ya vita ikaja oksidi ya indiamu iliyochanganywa na oksidi ya bati kwa takriban asilimia 10 ya uzito, na mchanganyiko huo ndio uliopo chini ya kidole chako unapogusa simu.

Upitishaji wa umeme wa utando kama huo unaupimaje? Ukigusisha nyaya mbili, utapima zaidi ukinzani wa mahali pa kugusa. Frank Wenner wa ofisi ya viwango ya Marekani alikuwa ameshatatua jambo hilo mwaka 1915 alipokuwa akipima ardhi: tumia pini nne katika mstari, mbili za nje zipitishe mkondo, mbili za ndani zisome volti tu. Mwaka 1954 L. B. Valdes wa maabara ya Bell Labs akaihamishia mbinu hiyo kwenye elementi ya jerimani. Kwa utando mwembamba na mpana, gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa 4.53, na jibu ni ukinzani wa utando kwa kila mraba. Mraba wowote, mdogo au mkubwa, hutoa jibu lilelile, na ndiyo raha ya kipimo hiki. Utando mzuri wa indiamu na bati wenye nanomita 100 hutoa om 20 hivi. Ukiufanya mnene zaidi, om hushuka, lakini mwanga nao hupungua. Kila mtengenezaji hujadiliana na mizani hiyo, na hakuna kiwanda kinachoikwepa.

Kushika ni sifa nyingine, na hapa historia ina kisa ninachokipenda. John Strong wa California alikuwa bingwa wa kuweka alumini kwenye vioo vya darubini ndani ya ombwe. Kioo cha inchi 100 cha darubini ya Mount Wilson kilivikwa hivyo mwaka 1935, kikabaki kinang'aa kwa sababu oksidi yake ni nyembamba, angavu na ngumu. Fedha iliyotumika kabla yake ilikuwa ikisawijika. Ili kujua kama utando umeshika, Strong alitumia utepe wa gundi: bandika, vuta, tazama kilichotoka. Kipimo hicho hakijastaafu. Leo mpimaji wa rangi na tando hukata mistari sita wima na sita mlalo kwa wembe, akapata miraba 25, akabandika utepe na kuuvuta kwa pembe maalumu. Kingo zikitoka safi, alama ni 0. Miraba ikibanduka vibaya, ni 5. Kwa oksidi ngumu, utepe hautoshi, na badala yake ncha ya almasi huburutwa juu ya utando huku uzito ukiongezwa mpaka utando unapobanduka.

Karibu na miaka hiyohiyo ya Strong, Jena tena, Walter Geffcken wa kampuni ya Schott alipata njia ya kuchovya kioo katika mchanganyiko wa kemikali na kukivuta juu kwa mwendo usiobadilika, kisha kukichoma mpaka ibaki oksidi tupu. Mwendo wa kuvuta ndio unaoamua unene. Vioo vya kutazamia nyuma vya magari vilitengenezwa hivyo kuanzia mwaka 1953.

Ufini ikaleta uthabiti usio na mfano. Mwaka 1974 Tuomo Suntola alibuni namna ya kujenga utando tabaka kwa tabaka: gesi ya kwanza huingizwa na kujishikiza mpaka nafasi ziishe, mabaki yake husafishwa, gesi ya pili huingia na kukamilisha. Ikiwa ni oksidi ya alumini, kila mzunguko huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita, haijalishi umbo la kitu. Wanakemia wa Leningrad wakiongozwa na Aleskovskii walikuwa wamefikia wazo linalofanana nalo miaka ya 1960, ila viwanda vilimfuata Suntola. Ubao wa matangazo wenye skrini za teknolojia hiyo uliwekwa uwanja wa ndege wa Helsinki mwaka 1983. Mwaka 2007 kampuni ya Intel ikatumia njia hiyo kuweka oksidi ya hafniamu ndani ya transista, kwa sababu oksidi ya silikoni iliyotangulia ilikuwa imepunguzwa hadi nanomita 1.2, na umeme ulikuwa ukivuja kupitia humo. Siku hizi utando wa oksidi ya alumini wa nanomita chache upo pia katika seli nyingi za sola zinazouzwa duniani, ukizuia elektroni zisipotee.

Na nani anapima nanomita moja? Paul Drude, Mjerumani, alikuwa na jibu tangu mwisho wa miaka ya 1880. Mwanga uliopangwa mtikisiko wake ukidunda juu ya utando, mtikisiko huo hubadilika umbo, na kutokana na badiliko hilo unaweza kukokotoa unene hata kama utando ni mwembamba kuliko nanomita moja. Mbinu yake ilikaa zaidi ya nusu karne ikiwa na wateja wachache, kwani hesabu zake zilichosha. Kompyuta zilipokuja, kila kiwanda cha vipande vya elektroniki kikaihitaji.

Oksidi ya titaniamu inastahili kutajwa, ingawa imeandikwa sana. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kwamba ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huweza kupasua maji. Mwaka 2001 kampuni ya Pilkington ikaanza kuuza kioo cha dirisha kinachojisafisha, chenye utando wa nanomita 15 hivi. Jua huuchochea kuvunja uchafu wa mafuta, na maji hayakai matone bali hutandaa. Kipimo chake ni pembe ya tone: tone huwekwa juu ya kioo na kupigwa picha kutoka ubavuni, na baada ya mwanga kufanya kazi pembe hiyo hushuka karibu na sifuri.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sura iliyo karibu zaidi ni ya oksidi ya vanadiamu. Mwaka 1959 F. J. Morin wa Bell Labs aligundua kwamba oksidi hiyo hugeuka ghafla kutoka kizuizi cha umeme na kuwa kama metali. Kwa ile inayoandikwa VO2, badiliko hilo hutokea kwenye nyuzi 68. Pamoja na umeme, hubadilika pia namna inavyopokea mionzi ya joto: ikiwa baridi huipitisha, ikiwa moto huizuia, huku mwanga wa kuonea ukipita karibu vilevile. Dirisha lenye utando huo lingejifunga lenyewe dhidi ya joto la mchana bila umeme wala mtu kunyanyua mkono. Kikwazo ni kwamba nyuzi 68 ni juu mno, na utando hufifiza mwanga.

Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeishughulikia hoja hii, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba magnesiamu ikipenyezwa katika utando huo, joto la badiliko hushuka na mwanga unaopita huongezeka. Mwaka huohuo walionyesha pia faida ya kuupanga pamoja na tabaka za oksidi ya titaniamu. Ukifuata kazi ya namna hiyo maabarani utaona kwamba utando wenyewe hupatikana kwa saa chache, lakini kuupima huchukua siku: kuupasha na kuupoza mbele ya mwanga, kuchora mkondo wa kupanda na wa kushuka, kwa kuwa mikondo hiyo hailingani, na kurudia mpaka tarakimu zitulie.

Vifaa vya kazi hiyo ni ghali, na vikiharibika vipuri husubiriwa muda mrefu. Serikali zetu na vyuo vyetu vikitaka kunufaika na tando hizi, fedha ziende kwanza kwenye maabara za kupimia na mafundi wa kuzitunza. Nchi inayoagiza mabati, madirisha na paneli bila uwezo wa kuvipima hupokea chochote itakacholetewa.

Na wewe unayejenga karibu na bahari, usiishie kuchagua rangi ya fremu. Muulize muuzaji utando wake una unene wa maikroni ngapi. Kwa matumizi ya nje penye chumvi, daraja linalotakiwa kwa kawaida ni maikroni 25. Maikroni 5 au 10 ni za ndani ya nyumba. Omba cheti cha kipimo cha unene na cha kufungwa kwa vishimo, na kama hana, tafuta muuzaji mwingine.